Kazi ya Kufanya Kabla ya Kuomba Kusomea Udaktari: Mwongozo Kamili kwa Aliyeko Kigoma

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na dirisha la udahili wa vyuo vikuu kufunguliwa, mkoani Kigoma wapo vijana wanaoutamani udaktari kwa dhati lakini hawawezi kuomba mwaka huo. Yupo mwenye stashahada ya utabibu ambaye bado hajapata fedha ya kujilipia ada. Yupo mwenye shahada ya sayansi aliyegundua baada ya kuhitimu kwamba moyo wake uko wodini. Na yupo aliyesoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, ambaye ufaulu wake ulipungua kidogo tu. Wote watatu wana mwaka mmoja au miwili ya kusubiri, na wote wanajiuliza swali moja: nishike kazi gani katika kipindi hiki? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Kabla ya kuingia kwenye hatua zenyewe, lipo jambo ambalo usipolielewa utachagua vibaya. Hapa Tanzania, kazi uliyoifanya kabla ya kuomba haiongezi hata pointi moja katika udahili wa Shahada ya Udaktari wa Binadamu, ile tunayoiita MD. Vyuo huangalia ufaulu wa masomo, na waombaji hushindanishwa kwa ufaulu huo. Marekani mambo ni tofauti, kwa sababu kule udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, mwombaji hufanya mtihani uitwao MCAT, na kamati za udahili hupima pia muda aliokaa karibu na wagonjwa pamoja na barua za watu wanaomfahamu kikazi. Ndiyo sababu miongozo mingi ya mtandaoni humsisitizia msomaji atafute kazi ya hospitali kwa gharama yoyote. Ukiifuata neno kwa neno ukiwa Mwanga au Ujiji hapa Kigoma, unaweza kumaliza mwaka mzima ukisukuma machela bila malipo, huku alama yako ya Kemia ikibaki E ile ile.

Kwa hiyo kazi ya kipindi cha kusubiri ichaguliwe kwa kile itakachokuachia: muda wa kurekebisha ufaulu, akiba ya kuanzia chuo, na fursa ya kuiona kazi ya udaktari ilivyo ili uamue ukiwa na macho wazi. Ni nadra kazi moja kukupa vyote kwa kiwango sawa, na mpangilio wa umuhimu wake unategemea hali yako.

Hatua ya kwanza: Jua unachopungukiwa

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka vitabu vya mwongozo wa udahili, kimoja kwa wenye sifa za kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada na sifa linganifu. Pakua kitabu kinachokuhusu, kisha tafuta programu ya Udaktari wa Binadamu katika kila chuo unachokifikiria: Muhimbili jijini Dar es Salaam, chuo cha Bugando kilichopo Mwanza, cha KCMC kilichopo Moshi, Chuo Kikuu cha Dodoma na vinginevyo. Soma masharti ya kila chuo mpaka mwisho, kwa sababu mara nyingi sharti linalomwangusha mwombaji limeandikwa katika sentensi ya mwisho, kwa mfano linalohusu alama za masomo fulani ya kidato cha nne. Usitegemee kitabu cha mwaka juzi ulichotumiwa na rafiki, masharti hubadilika.

Chukua karatasi uandike upande mmoja kinachotakiwa na upande mwingine ulichonacho. Kwa aliyesoma PCB, hesabu pointi zako katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, halafu ulinganishe na kiwango cha chuo. Kumbuka kwamba kiwango cha chini kabisa ni cha kukuruhusu kuomba tu. Ushindani wa MD ni mkubwa, na wanaochaguliwa kwa kawaida huwa juu ya kiwango hicho. Mwenye stashahada aangalie wastani wake wa GPA, na ahakikishe anaweza kupata namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi na stashahada, kwa kuwa bila namba hiyo maombi yake hayatakamilika.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuongoza. Ikionesha kwamba tatizo lako ni ufaulu, unahitaji kazi inayokuachia muda wa kusoma. Ikionesha kwamba ufaulu unatosha na kinachokosekana ni fedha, tafuta kazi inayolipa, hata kama haina uhusiano wowote na afya. Ikionesha kwamba vyote viwili vipo lakini wewe mwenyewe una mashaka, hapo ndipo wodi inapokuwa na maana kuliko mshahara.

Hatua ya pili: Panga kalenda kabla ya kutafuta kazi

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, na anayerudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea hulazimika kujisajili miezi mingi kabla. Matokeo na dirisha la kwanza la udahili huja Julai, maombi ya mkopo nayo hufunguliwa katikati ya mwaka, na masomo ya mwaka wa kwanza huanza kati ya Oktoba na Novemba. Kazi yoyote utakayoishika lazima ikubali kuishi na tarehe hizi.

Hapa Kigoma kalenda ina jambo la ziada. Ukiajiriwa katika kijiji cha mwambao wa ziwa kama Kagunga au Kalya, usafiri wako ni boti na mtandao wa simu hauaminiki kila saa. Kazi ya namna hiyo inaweza kuwa na mafunzo makubwa, lakini dirisha la udahili likifunguliwa unatakiwa kuingia kwenye mfumo, kupakia vyeti, kulipa kwa namba ya kumbukumbu na kurudi kuangalia majibu, na ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri ndani ya siku zilizopangwa. Anayeishi mbali na mtandao aombe likizo ya siku hizo mapema, ahamie kwa ndugu mjini.

Tumia pia miezi ya mwanzo kunyoosha nyaraka. Majina katika cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha stashahada yafanane herufi kwa herufi. Yasipofanana, anza taratibu za kiapo sasa. Cheti cha kuzaliwa kitahitaji kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa ajili ya mkopo. Kwa kuwa mkoa wetu uko mpakani, wapo wanaochelewa sana kupata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kutokana na uhakiki wa uraia, na jambo hilo halimalizwi kwa wiki moja. Anayesubiri hadi Julai kulianza amechelewa.

Hatua ya tatu: Zipime kazi zilizopo

Kwa mwenye stashahada ya utabibu mwenye usajili na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kazi iliyo karibu ni ya afisa tabibu katika zahanati binafsi, kituo cha afya au hospitali ya dini kama Kabanga iliyoko Kasulu, Heri iliyoko Buhigwe au ile ya Baptisti hapa mjini. Ninaipendekeza hospitali yenye wodi na madaktari zaidi ya mmoja kuliko zahanati unayobaki peke yako. Katika zahanati ya mtu mmoja utalipwa, lakini hakuna wa kukusahihisha. Utaona wagonjwa wengi wa homa, utapima malaria kwa kipimo cha haraka, utaandika dawa mseto, na baada ya miezi sita utakuwa unafanya kwa kasi yale yale uliyoyajua siku ya kwanza. Hospitalini utamwona daktari akimrudia mgonjwa ambaye kipimo chake hakina malaria, akimuuliza upya homa ilianzaje, akibonyeza tumbo taratibu, akibadilisha mawazo yake mbele yako. Huko kubadilisha mawazo ndiko unakokwenda kusomea, na ni vyema ukakuona mapema.

Kazi za kambini zinahitaji maelezo ya peke yake. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo na baadaye ikapokea Warundi. Nduta iko upande wa Kibondo. Kwa miaka mingi mashirika yanayotoa huduma huko, ikiwa ni pamoja na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, yameajiri matabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara, makarani wa data na wahamasishaji wa afya. Kijana wa Kiha ana faida moja ambayo huwa haithamini: Kiha na Kirundi vinasikilizana, na anayeweza kumwelewa mama wa Kirundi bila kusubiri mkalimani ana thamani kubwa katika chumba cha mashauriano. Hata hivyo ajira za kambini hufuata fedha za wafadhili na maamuzi ya serikali. Kambi ya Mtendeli wilayani Kakonko ilifungwa mwaka 2021, na ajira zilizofungamana nayo zikaisha. Ukipata nafasi ya namna hii, ichukue kwa ajili ya akiba na mafunzo, lakini usijenge mpango wa miaka miwili juu ya mkataba wa miezi sita.

Kwa asiye na cheti cha taaluma ya afya, nafasi ninayoiona kuwa bora kuliko zote ni ya karani wa data, hasa katika kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, CTC. Kazi yenyewe inaonekana ya mezani, na watu wengi huidharau. Lakini anayeingiza taarifa kutoka kwenye kadi za wagonjwa za CTC2 au kujumlisha vitabu vya takwimu za kituo, MTUHA, mwishoni mwa mwezi huanza kuona ugonjwa kwa namna ambayo hata aliyeko wodini haioni: mgonjwa aliyekuja miezi mitatu mfululizo kisha akapotea, kijiji ambacho wajawazito wake huhudhuria kliniki mara moja tu, idadi ya watoto wenye nimonia inayopanda katika msimu fulani. Saa za kazi zinajulikana, zamu za usiku hakuna, na jioni inabaki yako ya kusoma. Mwenye shahada ya sayansi anaweza pia kuulizia kazi za kukusanya data za utafiti, ama hapa hapa Kigoma ama kwa majirani zetu wa Tabora, ambako Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo. Kazi za utafiti huja kwa misimu na hulipa kwa siku. Zinamfaa asiyehitaji kipato cha kila mwezi.

Duka la dawa muhimu lina mafunzo na lina mtego. Utajifunza majina ya dawa, dozi zake na maswali ya wateja, lakini muuzaji anatakiwa awe amepata mafunzo yanayotambuliwa na Baraza la Famasi, na duka la aina hiyo si mahali pa kuchoma sindano wala kulaza mtu kwenye benchi na dripu. Mwenye duka akikuomba ufanye hivyo kwa kuwa “wewe si unasomea udaktari”, ondoka. Anayeanza safari ya udaktari kwa kumtibu mtu asiyeruhusiwa kumtibu anahatarisha maisha ya mtu huyo na jina lake mwenyewe.

Kwa anayerudia mtihani, hakuna kazi inayofaa kama kufundisha twisheni ya Fizikia, Kemia au Baiolojia. Ukimfundisha kijana wa kidato cha tatu mizani ya mlinganyo wa kemikali mpaka akaelewa, wewe mwenyewe huisahau tena. Vipindi hufanyika jioni na wakati wa likizo, asubuhi ni yako, na malipo, ingawa ni madogo, hayana makato.

Biashara nayo isidharauliwe. Aliyekulia Kibirizi akijua bei ya dagaa na migebuka, mwenye mtu wa kumpelekea mzigo Tabora au Dar es Salaam, anaweza kuweka akiba haraka kuliko mwenye mkataba wa hospitali. Ikiwa ufaulu wako unatosha na kilichobaki ni ada, sioni sababu ya kuona haya kuuza dagaa mwaka mzima. Jumamosi moja moja ya kujitolea hospitalini itakutosha kwa upande wa kuiona kazi ya udaktari.

Hatua ya nne: Ione kazi kabla ya kuikubali

Andika barua kwa Mganga Mfawidhi wa kituo unachokitaka, iwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni au kituo cha afya cha kata yenu, ukieleza elimu yako, muda ulio nao na unachoomba. Ipeleke mwenyewe asubuhi, ukiwa umevaa nadhifu, uiache masijala na kuomba nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Usiombe “nafasi yoyote”. Omba jambo mahususi, kwa mfano kusaidia mapokezi na takwimu siku tatu kwa wiki kwa miezi miwili.

Ukikubaliwa, omba ruhusa ya kukaa siku moja ukitazama tu. Angalia wafanyakazi wa ngazi ya chini wanavyozungumzishwa, kama zipo glavu za kutosha, na zamu hubadilishwa saa ngapi hasa, maana saa iliyoandikwa ukutani na saa mtu anayoondoka ni mambo mawili. Muulize aliyewahi kuifanya kazi hiyo: “Kaka, ukitoka hapa jioni unabaki na nguvu ya kusoma?” Jibu la swali hilo lina uzito kuliko maelezo ya mwajiri.

Kuhusu kujitolea bila malipo, msimamo wangu ni kwamba kusizidi miezi mitatu isipokuwa una mtu anayekulisha kwa hiari na kuna unachojifunza kila wiki. Kijana anayejitolea mwaka mzima, akijaza pengo la mwajiriwa ambaye hakuajiriwa, huwa anatumikia matumaini ya “tutakufikiria”, na matumaini hayo hayalipi ada.

Hatua ya tano: Soma mkataba kwa jicho la mtu atakayeondoka

Wewe unaingia ukijua utaondoka Oktoba, kwa hiyo kipengele muhimu kwako ni cha kuvunja mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku 7 ikiwa notisi inatolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Mkataba wako unaweza kutaja muda mrefu zaidi. Ukiwa na mkataba wa muda maalumu, kwa mfano miaka miwili, uliza kwa maandishi itakuwaje ukichaguliwa chuo kabla haujaisha. Mwajiri mwema atakubali kuandika kifungu kinachoruhusu kuondoka kwa sababu ya masomo. Angalia pia saa za kazi, kwa kuwa sheria hiyo imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Kazi inayokutaka saa 60 haiwezi kuishi pamoja na marudio ya Fizikia.

Je, umwambie mwajiri kwamba unapanga kwenda kusoma? Mwambie. Anayeficha huishia kudanganya kuhusu misiba ili apate siku ya mtihani, na mji wetu ni mdogo. Siku utakaporudi ukiwa daktari utakutana na watu hao hao.

Hatua ya sita: Ajira ya serikali ikija katikati

Hili ndilo jambo gumu kuliko yote, hasa kwa matabibu na wauguzi. Umekaa ukisubiri, umeomba kupitia Mfumo wa Ajira, na ghafla jina lako linatoka. Wazazi wanafurahi, nawe unajua kwamba kuthibitishwa kazini kunahitaji kumaliza kipindi cha majaribio cha miezi 12, na kwamba mtumishi haendi masomoni bila ruhusa ya mwajiri. Anayeondoka bila ruhusa huhesabiwa kuwa mtoro, na utoro wa zaidi ya siku tano ni kosa la kufukuzwa kazi.

Ushauri wangu ni huu. Kama huna chanzo kingine cha ada na umri wako unaruhusu, pokea ajira, fanya kazi vizuri, na mara tu baada ya kuthibitishwa omba jina lako liingizwe katika mpango wa mafunzo wa halmashauri. Anayeondoka kwa ruhusa hubaki kwenye ajira yake, na miaka 5 ya MD pamoja na mwaka 1 wa mafunzo kazini ni mirefu kuivuka bila msingi huo. Lakini kama tayari una ufaulu mzuri na uhakika wa kugharamiwa, kuahirisha miaka miwili au mitatu kwa ajili ya cheo cha sasa ni gharama kubwa, na ningekushauri uende chuo.

Hatua ya saba: Fedha na mkopo

Miongozo ya Bodi ya Mikopo, HESLB, ya miaka ya karibuni imekuwa na masharti matatu yanayogusa moja kwa moja kipindi cha kusubiri: mwombaji asizidi miaka 35, awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na asiwe na ajira au mkataba rasmi unaomwingizia kipato. Maana yake ni kwamba kusubiri kuna ukomo, na kwamba kazi yenyewe, isipofungwa kwa barua kabla ya kuomba, inaweza kukukosesha mkopo. Mwenye shahada ya kwanza asiutegemee mkopo huo kwa shahada nyingine ya kwanza. Na kama alikopa hapo awali, mwajiri wake atakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kurejesha deni. Aitoe kwanza asilimia hiyo katika hesabu zake ndipo apange akiba.

Akiba yenyewe iwekwe siku ile ile mshahara unapoingia, katika akaunti isiyounganishwa na simu yako. Jukumu la kuwasaidia ndugu halikwepeki katika familia zetu, na si vibaya. Kaa na wazazi mkubaliane kiasi kwa mwezi, ili kila ombi jipya lisiwe ugomvi.

Hatua ya nane: Kuondoka

Toa notisi kwa maandishi mapema kuliko sheria inavyotaka, ukabidhi vitabu na funguo mbele ya shahidi, na uandikishe makabidhiano hayo. Daftari lako la kujifunzia lisiwe na jina, namba ya faili wala picha ya mgonjwa yeyote. Kama vipo, viharibu. Dai cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako kisheria mkataba unapokoma, na uombe barua ya utambulisho kwa daktari uliyefanya naye kazi wakati bado anakukumbuka vizuri. Mwisho, pita ofisi ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uhakikishe michango yako ya kila mwezi iliwasilishwa, kwa kuwa pengo likigundulika ukiwa bado Kigoma utaweza kumfuata mwajiri mwenyewe, na likigundulika ukiwa mwaka wa pili Dodoma au Moshi utalifuatilia kwa simu na nauli.